Mazishi Niliyoyaficha

Mwezi wa sita, baridi ilipoanza kuuma, binti yangu aliniletea kijitabu cha msimu, kimekunjwa mara mbili mfukoni mwa jaketi lake. Kila mwaka wakati kama huu vijitabu vya namna hiyo hutapakaa Johannesburg nzima, madukani na kwenye vibanda vya kahawa: filamu mpya zinazokuja, tamthilia mpya za televisheni, michezo mipya ya jukwaani. Wenye kazi zao wanajua kwamba watu wa hapa wakipigwa na baridi hukimbilia penye giza na joto. Mimi huvisoma mwanzo hadi mwisho, hata kurasa za vitu nisivyokusudia kwenda kuona.

Ukurasa wa filamu ulikuwa na askari watatu, wachawi wawili na mbwa anayeongea. Nikaguna. Ukurasa wa televisheni ulikuwa na tamthilia nne, na zote nne zilikuwa na familia tajiri yenye siri, kana kwamba sisi maskini hatuna siri. Nilipofika kwenye michezo ya jukwaani nikaliona jina la mwanangu, chini ya mchezo uliosemwa kuwa unahusu wanawake wawili wageni, chumba kimoja cha Hillbrow, na televisheni.

Nikavua miwani. Nikamuuliza kama ni yale ninayoyafikiria. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama ameandika yote.

"Yote, Mama," akasema. "Hata karanga."

Ili ubaya wa zile karanga ueleweke, lazima nirudi nyuma, kwenye majira ya baridi ya kwanza tuliyokaa pamoja mimi na Dada.

Simwiti Dada kwa sababu ya damu. Yeye ni Mkristo wa Lubumbashi, mshonaji wa nguo, amenizidi miaka kumi. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, muuza vitumbua. Tulikutana ghorofa ya saba Hillbrow, tukapanga chumba kimoja kikubwa na kukigawa kwa pazia. Upande wake alikaa yeye na cherehani. Upande wangu nilikaa mimi na binti yangu wa miaka saba, na mume wangu siku chache alizokuwepo, maana alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Dada akiniita Mama Tanga, na mpaka leo hajanipa jina jingine.

Baridi ilipoingia tuliliondoa pazia. Hita ya gesi ilikuwa moja na televisheni ilikuwa moja, kwa hiyo tukaviweka katikati na kukaa wote pale. Jumapili yeye akirudi kanisani, mimi nikiwa nimeshapika, kuanzia saa nane mchana walikuwa wakirudia tamthilia ya Kizulu iliyooneshwa wiki nzima. Jua liliingia dirishani likatua miguuni petu, binti yangu akilala kifudifudi juu ya blanketi, cherehani imefunikwa kitambaa kwa sababu Dada hakufanya kazi siku ya Bwana. Nimeishi katika nyumba nzuri zaidi tangu hapo, zenye hita kila chumba. Sijawahi kupata joto kama lile, na nalikumbuka mpaka linaniuma.

Dada hakujua Kizulu. Alikuwa na maneno ya salamu, kiuno, kifua na urefu wa mkono, basi. Mimi nilikijua kwa kuuza vitumbua mlangoni pa mabweni ya wafanyakazi kule Jeppestown, ambako usipojua Kizulu unarudi na ndoo yako ikiwa imejaa. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikawa yangu.

Nami niliifanya kama nilivyoona ikifanywa nyumbani. Kaka yangu alikuwa mtafsiri katika banda la video Tanga. Filamu ya Kichina au ya Kihindi ikianza, yeye anakaa pembeni na kipaza sauti, anawasemea wote, wazee, warembo na majambazi, anawapa majina ya mitaani kwetu na kuwapeleka hadi soko la samaki. Alitia chumvi bila haya. Na mwisho usipompendeza aliugeuza. Anayekufa kwenye picha, kwa mdomo wa kaka yangu alikuwa amezimia tu. Alikuwa akisema kwamba watu hawaji bandani ili warudi nyumbani wanalia, na watazamaji wake walimpenda kwa hilo. Mimi nilikulia miguuni pake, nikadhani kutafsiri ni hivyo.

Katika tamthilia yetu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mwenye kilemba cha bluu, ambaye mwanawe alikuwa ameondoka nyumbani kwenda kutafuta maisha. Kila sehemu ilipoanza alikuwa akimwekea sahani. Dada alimpenda yule mama kupita kiasi. Naye alikuwa na mwana aliyeondoka, kijana wa miaka kumi na tisa aliyemwacha Lubumbashi, naye kijana akaenda kuchimba madini kwenye mashimo ya watu binafsi. Kijana alikuwa akimpigia mama yake simu kila mwisho wa wiki. Kisha simu zikawa za mwisho wa mwezi. Baridi ilipoingia, simu haikuja kabisa. Dada alikuwa amemnunulia koti zito la mtumba, la kahawia, kwa ajili ya siku atakayokuja, maana alisema watoto wa kwetu hawaijui baridi ya huku. Lilining'inia msumarini juu ya cherehani.

Jumapili moja wakaleta jeneza. Mwana wa yule mama alikuwa amepigwa risasi katika ugomvi wa wenye teksi. Wahusika wote walilia, kilemba cha bluu kikaanguka chini, na Dada akanishika goti akauliza wanalia nini.

Nikalitazama lile koti. Nikasema, "Amekufa mjomba wa yule kijana. Yule mjomba wa mbali."

Dada akashusha pumzi. Binti yangu akageuza shingo kunitazama. Yeye Kizulu alikuwa akikisema shuleni kila siku, akikijua kuliko mimi, na alikuwa amesikia vizuri kabisa kaburi lile ni la nani. Akafungua mdomo. Nikachota karanga kwenye bakuli nikamjazia mkononi, nikamwambia ale.

Uongo wa Jumapili moja ningeuweza. Tatizo la tamthilia ni kwamba inarudi. Yule mama akavaa nguo nyeusi miezi mitatu, na Dada akasema anampenda sana kaka yake, heri wangekuwa wote hivyo. Ikabidi nimpeleke kijana Cape Town, nimpatie kazi bandarini, nimwandikishe barua. Mtu akisoma hati ya polisi, mimi nasema ni barua ya kijana. Mara nyingine nilisahau wiki iliyopita nimemwacha wapi, na binti yangu, bila kuinua kichwa, akininong'oneza: ameumwa malaria, Mama, lakini amepona. Ndivyo alivyoanza kazi ya uandishi, kama mnataka kujua.

Kuna siku Dada aliuliza mbona kijana haonekani tena, nikadhani nimeumbuka, nikaokolewa na tangazo la majani ya chai. Katikati ya kipindi alitokea yule mwigizaji wa mwana aliyekufa, mzima, ananywa chai na kucheka. Dada alipiga makofi. "Eko muzima," akasema, "na amenenepa." Nikacheka naye mpaka machozi yakanitoka, na nilifurahi kweli, kana kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemfufua.

Kisha simu ikaja kutoka Lubumbashi. Alikuwa shemeji yake. Shimo lilikuwa limeporomoka, wachimbaji walifukiwa, kijana alikuwa miongoni mwao. Mwili haukutolewa. Matanga yalikuwa yamekwisha kufanywa kule, naye alitakiwa afanye yake huku. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akaikata simu, akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Habakumuona, Mama Tanga. Banasema tu. Ule wa televizyo si balimulilia vilevile, kumbe ni mujomba? Mi siwezi kulilia mutu mwenye habakumuona."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningemwambia siku ile. Nikaenda kuchemsha maji. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, ananitazama, na safari hii sikuwa na karanga.

Dada hakufanya matanga. Alibaki na namba ileile ya simu miaka yote, hata watu walipokuwa wakibadili namba kama soksi. Alipohamia Randburg, kwa binti yake mdogo aliyekuja baadaye akaolewa huku, koti lilihama naye. Kila mwanzo wa baridi alikuwa akilitoa, analianika kwenye varanda, analipiga kwa mkono kulitoa vumbi, kisha analirudisha kabatini. Nilikuwa nikienda kumtembelea nikalikuta pale linaota jua. Nilikuwa nikikaa kiti kilichotazama upande mwingine.

Sasa mnaelewa nilivyokasirika na kile kijitabu. Nilimwambia binti yangu kwamba nimemlea ili anisitiri, siyo kunianika jukwaani kwa watu kula bisi. Nikamkataza asimwalike Mama Mkubwa, maana ndivyo anavyomwita Dada tangu utoto. Akasema alishamwalika. Nikamuuliza kama anataka kumuua.

"Eish, Mama," akasema, kwa Kiswahili chake anachokivuta kama mtu anayepanda ngazi. "Mimi pia nilidanganya. Nilikuwa na miaka saba, nikakunong'oneza amepona malaria. Nimechoka na hiyo malaria."

Tukakubaliana, au yeye alikubali na mimi nikanyamaza, kwamba nitamwambia Dada kabla ya mchezo. Nilikuwa na wiki mbili. Nilienda Randburg mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili alikuwa na furaha mno. Mara ya tatu alikuwa ameshika koti anashonea kifungo kilicholegea, nikanywa chai vikombe viwili nikaaga. Nilichoogopa nakisema wazi: niliogopa atanifukuza. Niliogopa kwamba miaka yote ile ya kungoja ataihesabu, na ataihesabu juu ya kichwa changu, na atakuwa na haki.

Mchezo ulikuwa Jumamosi saa tisa mchana, katika karakana ya zamani ya kuchomelea vyuma Jeppestown waliyoigeuza ukumbi. Mitaa miwili tu kutoka pale nilipokuwa nikiuza vitumbua. Paa lilikuwa la bati, baridi ilikuwa ndani kama nje, na mlangoni walikuwa wakimpa kila mtu blanketi. Dada alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kung'aa. Akanishika mkono tukaketi safu ya pili.

Taa zilipowaka jukwaani nilisahau kuogopa kwa muda. Walikuwa wamekitengeneza chumba chetu. Hita, blanketi, cherehani imefunikwa, hata koti msumarini. Nyuma walisimamisha fremu kubwa ya mbao, ndiyo televisheni, na waigizaji wa tamthilia walikuwa wakiigiza ndani yake kwa Kizulu. Mbele walikaa wanawake wawili na mtoto. Yule aliyekuwa mimi alikuwa mnene kuliko nilivyokuwa, na alikuwa na mdomo. Nilitaka kulalamika, lakini Dada alikuwa akinipiga kiwiko na kucheka, kwa sababu mwanamke yule alitafsiri kama mimi hasa, anawapeleka Wazulu wa watu hadi soko la samaki la Tanga. Mimi mwenyewe nilicheka. Nilitamani mchezo ubaki hapo, uishie kwenye karanga, turudi nyumbani.

Likaja jeneza. Ndani ya fremu kilemba cha bluu kikaanguka. Mtoto akageuza shingo. Mwanamke mnene akasema kwa Kiswahili kwamba amekufa mjomba wa mbali, na nusu ya ukumbi, ile iliyosikia lugha zote mbili, ikanyamaza ghafla. Dada alikuwa bado anatabasamu. Aliuona ule ukimya. Akawatazama watu, akaitazama fremu, kisha akaniinamia kama alivyokuwa akifanya zamani, na mkono wake ukalishika goti langu.

"Na bale ba ndani," akauliza, "banasema nini?"

Ningeweza. Mdomo wangu ulikwisha kuandaa mjomba mwingine. Mbele yetu mtoto wa jukwaani alikuwa akila karanga mojamoja, polepole, macho yake yakitutazama sisi watazamaji.

"Wanasema ni mwana wake, Dada," nikasema. "Ni yeye mwenyewe aliyekufa. Tangu siku ile. Mimi ndiye niliyesema mjomba."

Mkono wake ulibaki gotini pangu kidogo, kisha akauondoa, akaurudisha ndani ya blanketi. Tukautazama mchezo mpaka mwisho, Cape Town, barua, tangazo la chai, simu. Sikutafsiri na hakuniomba. Watu walipopiga makofi yeye alikunja blanketi lake pembe kwa pembe, kwa unadhifu wa mshonaji, akaliweka kitini. Nje jua lilikuwa la manjano na halina joto. Binti yangu alikuja mbio kutoka nyuma ya jukwaa, Dada akamkumbatia, akambusu kwenye paji la uso. Mimi hakunitazama. Mkwewe akamchukua wakaenda.

Siku nne sikusikia kitu. Nilipiga simu, haikupokelewa, ile namba ambayo haijawahi kukosa kupokelewa hata mara moja. Niliacha kula. Binti yangu alikuja akanikuta nimekaa mbele ya televisheni isiyowashwa, akakaa nami. Siku ya tano Dada akapiga mwenyewe.

"Kuya Siku ya Posho, Mama Tanga," akasema. Kwao ndivyo wanavyoiita Jumamosi. "Lete mutoto. Tunafanya matanga."

Tulikuta viti vimepangwa mpaka varandani. Kanisa lake lote lilikuja, na wateja wake, na Watanzania wa Hillbrow waliomjua kupitia kwangu, na walinzi wawili Warundi wa jengo letu la zamani wakiwa bado na sare. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitenge, kama inavyofunikwa kwetu sote, wa Tanga na wa Lubumbashi, nyumba inapokuwa na msiba. Katikati ya sebule, juu ya mkeka, walikuwa wamelilaza lile koti la kahawia, mikono imenyooshwa, vifungo vyote vimefungwa. Mwili haukuwepo, kwa hiyo koti lilikaa mahali pake. Niliketi karibu na mlango, mahali pa mtu asiyejua kama amesamehewa.

Walipomaliza kuimba Dada aliniita kwa kidole. Nikaenda nikakaa sakafuni kando yake. Macho yake yalikuwa mekundu na uso wake ulikuwa umechoka, lakini ulikuwa umetulia namna ambayo sikuwahi kuiona. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Utaniomba kesho. Leo unielezee ule wa televizyo. Balimuzika namna gani? Siku ile ulinirukia. Sasa nielezee yote, na usiongeze."

Sikuwahi kutafsiri mbele ya watu wengi kiasi kile. Nikawaambia kwamba ilikuwa asubuhi na kulikuwa na umande, kwamba jeneza lilikuwa la mbao nyepesi, kwamba kaburi lilikuwa upande wa mlima wenye majani makavu. Nikafika mahali nikasahau. Binti yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaendelea kwa Kiswahili kile kile cha kupanda ngazi: kwamba mama yake alivua kilemba, akakitia ndani pamoja naye, akatupa udongo wa kwanza kwa mkono wa kulia. Dada alikuwa akilifuata kila neno. Polepole akafungua kilemba chake mwenyewe, akakikunja, akakiweka juu ya kifua cha koti.

Kisha akaniuliza kama watu walikuwa wengi.

Tamthilia ile ilikuwa ya mfuko mwembamba. Makaburini walisimama watu saba, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuonekana wiki iliyotangulia akiwa polisi. Neno wengi lilinijia lenyewe ulimini. Nikaliuma.

"Hapana, Dada," nikasema. "Walikuwa wachache sana. Saba."

Akainua kichwa akatazama sebule, akatazama mlango, akatazama varanda na waliosimama nje kwenye nyasi kavu kwa kukosa viti, wamejifunika mablanketi.

"Basi wangu eko na bengi," akasema, na akaanza kulia.